Keria Nyeusi ya Bei Poa

Asubuhi hiyo, kama kawaida yake, Sabuni alisuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa, akakinusa, akakisuuza tena. Ndugu zake walimbandika jina hilo kwa sababu msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa na kinyaa cha ajabu. Unywele kwenye kitana ulimtoa mbio, na mkono wa mtu aliyepiga chafya hakuushika hata mwalimu aamrishe.

"Ukimaliza kukichubua hicho kikombe, twende," mama yake alimwita kutoka uani. "Leo tunachagua keria."

Mama alikuwa dereva. Gari lake, refu na la kupita njia mbovu, lilipeleka watu na mizigo yao huko mabasi yasikofika. Wiki iliyopita keria yake, ile fremu ya chuma inayobeba mizigo juu ya paa, ilikatika mguu mlimani. Mfuko wa saruji ukaporomoka, ukapasukia mahali ambapo muda mfupi kabla walikuwa wamesimama watoto. Tangu siku hiyo mama hakupata usingizi, wala gari halikubeba mzigo.

Muuza vyuma vikuukuu, aliyeitwa Bei Poa, aliwapokea kwenye yadi yake akijichokoa meno kwa ukucha. Kisha akaunyoosha mkono huohuo kumsalimia Sabuni! Sabuni akaficha mikono yake mgongoni.

"Shikamoo," akasema kwa mbali.

"Marahaba. Dada, binti yako ana maringo!" Bei Poa akacheka.

Keria zilizolingana na paa la gari zilikuwa mbili. Moja nyeusi, inang'aa. Nyingine ya kijivu, imejaa kinyesi cha kunguru, utando wa buibui na grisi kuukuu.

"Mama, hii nyeusi," Sabuni alisema hapohapo. "Ile nyingine siigusi hata kwa fimbo."

"Mtoto ana jicho!" alisema Bei Poa. "Hii mpya kabisa, dada. Chuma kitupu." Akaona vumbi kwenye bomba moja la keria, akatema mate kwenye kitambaa, akasugua.

Sabuni alisisimka mwili mzima. Lakini mwenye kinyaa haachi kukitazama kinachomchefua, na ndivyo alivyoona kitambaa kimegeuka cheusi.

"Mama, inatoka rangi."

Mama akainama, akajaribu kupitisha vidole chini ya keria, pale mguu unapoungwa. Havikuingia. "Mkono wako mwembamba. Hebu papasa wewe."

"Mama! Kuna grisi! Kuna... sijui nini, kinateleza."

"Mizigo itakaa juu ya vichwa vya watu, mwanangu. Papasa."

Sabuni akafumba macho, akaingiza mkono. Kwanza utelezi, kisha magamba ya kutu, kisha kitu laini kama uji ulioganda. Alipokibonyeza, kidole kikazama. Ilikuwa pati ambayo bado haijakauka, ile rojo ambayo mafundi hujazia mashimo kwenye bodi ya gari. Mguu ulikuwa umekatika zamani, ukabandikwa na kupakwa rangi juu.

"Kutu kidogo tu, dada," alisema Bei Poa bila hata kuona haya. "Hapa kila mtu anapaka. Wewe si ungefika salama?"

"Na aliye nyuma yangu barabarani?" mama akauliza.

Bei Poa akainua mabega. "Huyo si mteja wangu."

Mtu mzima, na anasema hivyo! Hapo ndipo Sabuni alipochefuka kweli. Kinyesi cha kunguru kilikuwa nini mbele ya maneno hayo? Akaiendea keria ya kijivu mwenyewe, akaparuza uchafu kwa kucha, akapapasa kila mguu. Chuma kilikuwa kizima, kimechomelewa pande zote. Mama akaiegemea kwa uzito wake wote, akaitikisa kwa nguvu. Haikutoa hata mlio.

"Tunachukua hii," mama alisema.

Bei Poa akataka washikane mikono. Sabuni akamnyooshea wake, umejaa grisi, kutu na kinyesi.

"Aa, kanawe kwanza!" Bei Poa akaruka nyuma.

Kwenye bomba la maji, mama alimsaidia kusugua. "Kinyaa chako usikiache, kinakukinga na maradhi," alisema. "Lakini uchafu huu unaondoka kwa maji na sabuni, unaona? Kumuuzia mtu kifo huku unacheka, huo ndio uchafu wa kuukimbia. Na usipojichafua kidogo kuutafuta, hutauona."

Sabuni akainusa mikono yake. Safari hii hakuisuuza tena. Akapanda juu ya gari kumsaidia mama kukaza boliti za keria ya kijivu.