Jina Lisilotaka Kutoka

Hakuna doa lililowahi kunishinda. Waulize wote wanaonijua, watakwambia mikono hii imeng'arisha kila kitu. Ila usiwaulize habari za kola za mashati ya marehemu mume wangu, wala kitambaa cha meza cha jirani, wala ile sufuria niliyoizika nyuma ya nyumba ili nisiione tena. Basi tuseme madoa kadhaa yamenishinda. Lakini hakuna lililoninyima usingizi kama doa la ile boti.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mwanangu, na binti yake, ambaye kwa udogo wake na kurukaruka kwake tunamwita Kiroboto. Marehemu babu yake alikuwa akimwita "mke wangu", kwa hiyo mimi na yeye ni wake wenza, na tunagombana ipasavyo. Siku za likizo zilikwenda namna moja. Asubuhi mwanangu anakunywa chai amesimama, anachukua ndoo yake, anakwenda kwenye karakana ya boti, ambako kazi yake ni kuosha na kung'arisha boti za watu. Kiroboto anafua, anasoma kidogo, halafu ananikalia kichwani mpaka jioni.

Kisha mwanangu akachomwa na kijiti cha faiba katika kiganja cha kulia. Faiba ndiyo inayotengenezewa boti siku hizi badala ya mbao. Inang'aa kama sahani, lakini ikivunjika inatoa vijiti vyembamba kama nywele. Kiganja kilivimba mpaka vidole havikukunjika. Nikamwambia aende zahanati, na amwambie msimamizi wake.

"Nimwambie ili iweje, Mama?" akasema. "Unamkumbuka mwenzangu aliyeumia mgongo? Aliambiwa akapumzike. Mpaka leo anapumzika."

Nikamchemshia maji ya chumvi aukande. Mkono ule ndio uliokuwa ukitulisha.

Ubaya ni kwamba kazi iliyokuwa ikimngoja ilitaka mikono miwili yenye nguvu. Nyuma ya stoo ya karakana kulikuwa na boti ya tanga iliyouzwa. Ubavuni mwake palikuwa pamebandikwa jina lake la zamani kwa herufi kubwa: SICHOKI. Herufi zilikuwa zimebanduliwa, lakini kivuli chake kilibaki, kinasomeka hata na mimi niliyeishia shule ya msingi. Mmiliki mpya alikuwa anakuja kuichukua wiki hiyo hiyo, naye alikuwa na jina lake mwenyewe la kuibandika. Msimamizi alisema waziwazi: "Akilikuta hilo hapo, fundi, wewe na mimi hatutajuana tena."

Basi Kiroboto akawa mkono wa baba yake. Mimi nikaenda nao na kigoda changu, niwe mlinzi, ingawa mlinzi mwenyewe husinzia.

"Sikiliza," baba yake akamwambia, mkono mbaya ameuficha mfukoni. "Penye herufi usiguse. Hapo pako safi, jua halikupafikia. Kilichochakaa ni pembeni. Chukua kitambaa, weka dawa hii ya kung'arishia, zungusha polepole pembeni mwa kila herufi mpaka pote pafanane."

"Yaani doa liko hapa, mimi nioshe kule?"

"Ndiyo."

"Baba, hiyo si kazi, ni kitendawili."

"Kitegue basi. Mimi naenda kuonekana kule mbele, nisije nikatafutwa."

Alizungusha kitambaa asubuhi nzima. Mabega yalimuuma, dawa ikamrukia mpaka kwenye nyusi, na herufi ya kwanza bado ilikuwa inamtazama. Mchana tulirudi nyumbani kula, yeye akatangulia kutoka. Tuliporejea karakanani, mlinzi akasinzia. Nilipofumbua macho ubavu wote ulikuwa umelowa maji, na jina halipo.

Baba yake akaja jioni, akautazama ubavu, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Umetumia nini?"

"Kitambaa na dawa, Baba. Kama ulivyosema."

"Hukutumia kitu kingine?"

"Hapana."

Usiku ule mwanangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu aumie. Kiroboto hakula vizuri. Nilidhani ni uchovu.

Asubuhi, kabla ya wafanyakazi wengine, tulikwenda kuiona kazi yetu. Maji yalikuwa yamekauka. Na pale ubavuni, si kwa kivuli tena bali kwa rangi ya kutu, pameandikwa SICHOKI. Kutu tupu, herufi kwa herufi, kama mtu ameziandika usiku kwa makusudi.

Mwanangu alipitisha kidole cha mkono mzima kwenye ile S. Akakiangalia. "Waya wa kusugulia masufuria," akasema.

Kiroboto alikuwa ameuchukua jikoni wakati wa chakula. Alipousugua juu ya herufi zenyewe, uliacha vumbi la chuma ndani ya mikwaruzo, umande ukaja, chuma kikashika kutu. Yale maji ya jana yalikuwa yameficha tu. Faiba ikilowa hufanana yote.

Afadhali angempigia kelele. Mwanangu alikaa chini kwenye changarawe, akaegemea gurudumu la gari la kubebea boti, akafumba macho. Mkono ulikuwa umeanza kuvimba kuelekea kwenye kiwiko. Kiroboto akaingia chini ya boti, akajikunja huko, nikawa nasikia kilio chake tu. Mimi nikakaa kwenye kigoda changu. Nilikuwa nawaza tutahamia kwa nani, na nani atatupokea watatu.

Jua likapanda.

Hatimaye mwanangu akasema, macho bado ameyafumba, "Kiroboto. Toka huko. Nenda kaombe ndimu kwa wapishi wa mgahawa wa jirani, zile walizokwisha kamua."

Kutu ilitoka kwa maganda ya ndimu, ikabaki mikwaruzo. Mikwaruzo ikataka msasa laini wa maji, na baada ya msasa ikataka ile dawa, kitambaa, kuzungusha, pembeni na katikati, ubavu mzima. Kiroboto hakuomba kupumzika wala kunywa maji. Nilishika kitambaa nami, mpaka kiuno kikanikatalia. Jua lilipoanza kushuka, ubavu ulikuwa umekauka, mweupe, na hausomeki kitu. Tulingoja, tukautazama tena. Hausomeki kitu.

Baba yake akamwita karibu. "Jana jioni ungeniambia, nusu saa ya kufuta vumbi la chuma ingetuepusha na kutu. Ulinyamaza, ikawa siku nzima, na karibu ikawa kazi yangu. Kukosea nakuruhusu, mwanangu. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo. Mtu akuulizapo umetumia nini, mpe kweli, hata kama unaogopa."

"Nimekusikia, Baba. Nisamehe."

Msimamizi akatokea upande wa pili wa boti. Alinisalimu shikamoo, akapapasa ubavu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi kabisa. Nani kaifanya?"

"Mimi," akasema mwanangu.

Msimamizi akalitazama shati lake lililo kavu, kisha nyusi za Kiroboto zilizo nyeupe kwa dawa. "Hongera basi, fundi," akanyoosha mkono.

Mwanangu akatoa wa kushoto.

"Tangu lini unanipa mkono wa kushoto? Lete ule mwingine."

Ukatoka mfukoni polepole. Msimamizi alipouona, uso wake ulibadilika. "Nilikuwa nyuma ya boti hii wakati unamfunza mtoto. Maneno mazuri sana. Kijiti hiki nacho kilipoingia kilikuwa kidogo, ungeniambia ningekuweka getini ukakae mpaka upone. Yule wa mgongo hakurudi kwa sababu alipata kazi kwa shemeji yake, muulize. Sasa twende zahanati na gari langu, na wiki ijayo nikukute getini, na mtoto nisimkute hapa."

Akaugusa mkono kwa kidole gumba. "Unauma sana?"

"Hata kidogo," akasema mwanangu, na machozi yakamdondoka mpaka kidevuni.