Kaburi Lililofutwa Kwenye Flashi

Ilikuwa siku ya gulio Nyaishozi, jua limewaka vizuri, na mimi nilikuwa na hasira zangu za kawaida. Mteja ameniletea kitambaa cha kumtosha mtoto, halafu anataka gauni la mikono mirefu. Mdogo wangu Projest alikuwa ananicheka. Tulipanga fremu moja ya biashara, mimi na cherehani yangu upande wa barabara, yeye na makompyuta yake upande wa ukuta. Alikuwa fundi wa kompyuta, na ndiye aliyepiga video za harusi na misiba yote ya pale senta. Alinizoea vibaya, mtoto yule, lakini nilimpenda.

Wiki hiyo alikuwa amepiga video ya mazishi ya Mwalimu Ndyamukama, mstaafu, jirani yetu. Kijiji kizima kilikwenda kuzika, na Mama yetu alikuwa mstari wa mbele na wanakwaya wenzake. Ni mimi tu sikwenda, malaria ilikuwa imenilaza chali. Mama aliporudi alinisimulia jinsi Mwalimu alivyositiriwa vizuri, ndani ya kibanja chake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Basi asubuhi hiyo akaja Ambrose, mtoto wa marehemu, upara wa matanga unang'aa kichwani, ameshika laptop ya baba yake. Ilikuwa imegoma kuwaka. Projest akaitazama, akasema dawa yake ni kupigwa windo upya, ile programu inayoiendesha. Flashi yake ya kazi hakuiona, akachomoa ile yenye video ya mazishi.

"Hiyo si ya msiba?" nikamuuliza.

"Nimeshaihamishia kwenye kompyuta yangu, dada. Wewe shona."

Akaifuta flashi, akaweka windo ndani yake. Mwanzoni laptop haikuiona. Akaihamishia tundu la upande wa pili, akaingia kwenye mipangilio akabadilisha mambo yake, akawasha tena. Ikaiona. Kazi ikaanza, asilimia zikapanda, halafu katikati ikagota na kuandika maneno ya Kiingereza.

"Inasemaje?"

"Kuna faili halisomeki," akasema, akafyonya. "Eti inarudisha kila kitu kilivyokuwa mwanzo."

Akaanza upya. Ikagota palepale. Ikarudisha tena. Alijaribu mpaka saa ya chakula, na mimi nikawa nimeshachoka kusikia anavyofyonya.

Mchana Ambrose akapita kuulizia. Nikampa tena pole ya msiba, kama mtu mwenye adabu.

"Msiba upi, dada Mackrine?"

"Wa Mzee."

Akanitolea macho. "Huo utani sio mzuri. Mzee amekwenda Murongo kumwona rafiki yake. Anarudi leo."

Nilikuwa nikimtazama kichwani. Asubuhi alikuwa na upara. Sasa alikuwa na nywele nyingi, zimechanwa.

Alipoondoka, Projest alikuwa amesimama wima, mkono mdomoni. Tulifunga fremu, tukaenda kwa marehemu.

Tulimkuta Bibi Nikuze, mjane, ameketi mlangoni anamenya ndizi. Hakuwa na nguo ya msiba wala uso wa msiba. Alituchangamkia.

"Karibuni, wanangu. Mwalimu hajafika bado. Alisema tusile bila yeye."

Projest akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Migomba ilisimama pale mikubwa, mikungu imeinama, majani makavu yametandazwa chini. Ardhi haikuwa na dalili ya jembe.

"Lilikuwa hapa," akaninong'oneza. "Mimi nilisimama pale na kamera. Jeneza likashuka hapa."

"Labda umekosea mahali."

"Dada. Hapa."

Mawe, mama yangu! Nilitamani kukimbia. Kutoka mlangoni tulimsikia Bibi Nikuze akiimba anamenya ndizi zake, ana furaha.

Njiani tulikutana na Mama anatoka gulioni. Nikamuuliza Mwalimu Ndyamukama alizikwa lini. Akanipiga kofi la bega, akaniambia nisimchulie mzee wa watu. Kila aliyekwenda mazishini, kila aliyeonekana kwenye video ile, alikuwa amesahau. Tulibaki sisi wawili, mimi ambaye sikwenda, na yeye aliyekuwa nyuma ya kamera.

Kwenye fremu Projest akafungua kompyuta yake kutafuta ile nakala. Jina la video lilikuwepo, ndani hakuna kitu. Haikuwa imehamia. Na kilichokuwa kwenye flashi, alisema, kilikuwa kinazidi kufukiwa kila alipoandika kitu juu yake.

"Basi acha," nikamwambia. "Izime, tumrudishie Ambrose laptop yake."

"Nikiizima itarudisha tena. Itarudisha nini sasa, dada? Lazima imalizike. Ikimalizika haitarudisha chochote."

Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nilimlea yule, najua sauti yake ya kuogopa. Akaanza mara ya mwisho. Asilimia zikapanda, zikafika pale pa kugota, zikapita. Akashangilia kidogo. Kisha akatazama mkono wake. Flashi ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameshaichomoa, na laptop ilikuwa inaendelea.

Akabonyeza kitufe cha kuzima. Ikaendelea. Akatoa betri, akang'oa waya. Ikaendelea.

Hapo mlango ukaingia giza. Mtu alikuwa amesimama.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo, Mwalimu," mdomo wangu ukasema wenyewe.

"Marahaba, binti. Hamjambo?"

Nje watu wa gulio walikuwa wanapita, wanampungia mkono, wanamwita Mwalimu. Yeye anawaitikia. Alikuwa amevaa suti nyeusi, safi. Akaingia taratibu, akasogea kwenye cherehani yangu, akageuka.

Suti ilikuwa imechanwa mgongoni. Kuanzia kola mpaka chini, kwa mkasi, mstari umenyooka. Mimi ni fundi cherehani. Najua nguo inapochanwa hivyo anavalishwa nani. Ndani ya ule mpasuko nikaona kipande cha lubugo, gome lile la kuvikia wafu wetu.

"Nishonee hapa nyuma," akasema polepole. "Wasije wakaona nyumbani."

Nilitaka kukataa. Wallahi nilitaka. Mikono yangu ikachukua sindano. Nikashona kwa mkono, akiwa ameivaa, na baridi ya mgongo wake ikinipanda vidoleni. Alinuka udongo mbichi. Nilimwita Projest kwa kunong'ona. Hakuitika. Sikuweza kugeuza shingo.

"Dada," nikamsikia, mbali. "Dada, inauliza jina."

"Usiandike!"

"Siandiki. Linajiandika."

"Mwalimu," nikalia, "mwache. Ni mtoto. Hakukusudia."

"Najua. Alikuwa mwanafunzi wangu, mtoto mzuri." Akavuta pumzi, au nilidhani amevuta. "Lakini shimo lilishachimbwa, binti. Halifukiwi tupu."

Nikakata uzi. Shingo ikaachiliwa. Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Laptop imewaka, jina la Ndyamukama limeandikwa katikati, inamkaribisha.

Mwalimu akaikunja, akaiweka kwapani, akaniambia asante. Akatoka akisalimiana na watu.

Nilikimbia mpaka nyumbani, nimevua viatu. Nikamwambia Mama wamemchukua Projest.

"Projest yupi?"

"Mwanao, Mama! Mdogo wangu!"

Alinishika paji la uso kuona kama malaria imerudi. "Mwanangu, mimi nilikuzaa wewe tu," akasema. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionivunja.

Siku hizi wananiita Mackrine kichaa. Waniite tu. Mwalimu yuko, anakwenda kanisani, anasalimia. Na nyuma ya nyumba yake kuna kaburi jipya kati ya migomba. Hakuna anayejua ni la nani. Wanasema wamelikuta. Nimeomba tulifukue, nimelia, nimepiga magoti kwa padri. Nani atafukua kaburi kwa maneno ya kichaa?

Jumapili iliyopita nilikwenda pale na jembe langu mwenyewe. Nikamkuta Mama. Amekaa chini kwenye udongo na kitenge chake cha kanisani, analia mpaka anakosa pumzi.

"Mama, unamlilia nani?"

Akanitazama kwa aibu, akifuta uso na viganja.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nikipita hapa matiti yananiuma kama nina mtoto wa kunyonyesha."