Telma Alipima, Faraji Alikataa

Telma alimkanyaga Faraji mguu katikati ya soko la Mtwara, mkesha wa Idi, pasipopitika kwa watu. Alivaa gauni la njano lililombana kiunoni, begani robota la vitenge kutoka kwa wajomba zake, ng'ambo ya Ruvuma.

"Dada, huo mguu una mwenyewe."

"Basi mwambie mwenyewe auondoe njiani."

Faraji akacheka. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mrefu, kanzu yake imenyooshwa pasi mpaka inang'aa. Robota akalibeba yeye. Walipoagana, namba ya Telma ilikuwa kwenye simu yake.

Wakapendana. Kila asubuhi simu iliita.

"Umeamkaje, kipusa wangu?"

"Na njaa. Niletee chapati kabla sijatafuta mwingine."

Mwaka wa pili Faraji akaanza kukonda. Homa ikawa haimwachi, kikohozi hakiishi, ulimi umejaa utando mweupe.

"Twende tukapime, mpenzi. Wote wawili."

"Ni moshi wa kazi tu. Mbona unanitafutia maradhi?"

Telma akaenda peke yake. Akakutwa na virusi vya UKIMWI, akaanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Alirudi kumweleza Faraji.

Faraji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akautupa mkoba wa Telma nje.

"Ninyi watu wa ng'ambo ndio mnaotuletea! Toka!"

"Nichukie, Faraji, lakini nenda kapime."

"Toka, nimesema!"

Akafunga karakana, akahamia Nanyamba kwa mama yake, Bi Mwanaisha, akawa anakunywa mizizi ya kuchemsha. Namba ya Telma akaifungia. Maneno yakafika sokoni; wanawake waliozoea kukaa kwenye kibanda cha Telma wakawa wanapita wakitazama pembeni. Telma akameza vidonge vyake kila siku, akauza vitenge, akanawiri.

Zaidi ya mwaka ulipita ndipo Bi Mwanaisha alipompigia.

"Mwanangu amelazwa. Anakutaja wewe. Njoo uone ulichokifanya."

Telma alimkuta Faraji wodini, mabega yametokeza kama ya mtoto mgonjwa. Daktari aliwaeleza bila kuficha: kifua kikuu, na kinga ya mwili imeshuka mno.

"Dawa tumempa. Angekuja mwaka jana, leo huenda angekuwa kazini. Sasa siwezi kuwaahidi."

Bi Mwanaisha akamgeukia Telma. "Mwangalie alivyonenepa! Mwanangu anakufa, yeye anang'aa!"

"Mama, mwache." Sauti ya Faraji ilikwaruza. "Alinibembeleza nipime. Nilikuwa na wasiwasi na afya yangu kabla hata sijamjua. Niliogopa majibu."

Telma akasimama. "Ulikuwa na wasiwasi, ukanitupia mkoba nje?"

"Nisamehe, kipusa."

"Leo sikusamehe. Pona kwanza, tugombane vizuri."

"Nikipona nitakuoa."

"Kwa miguu hiyo? Kunywa uji."

Akamshika kichwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Siku zilizofuata alirudi kila asubuhi, na kila asubuhi Bi Mwanaisha alimpa mgongo. Faraji alifariki kabla dawa hazijamfaa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Telma.

Msibani hakuna aliyempisha mkekani. Alikaa uani, kwenye mchanga, akalia peke yake.

Baada ya arobaini, Bi Mwanaisha alisimama mbele ya kibanda cha Telma. Kanga ilimpwaya. Alikohoa mpaka akashika nguzo.

"Nilimuuguza mwanangu chumba kimoja," alisema. "Sasa kifua kinaniuma, na jasho linanitoka nikilala. Hiyo hospitali, naingilia mlango gani?"

Telma akaanza kukunja vitenge.

"Usidhani nimekusamehe," mama akaongeza haraka.

"Hata mimi sijakusamehe, mama." Telma akashusha turubai la kibanda, akalifunga kamba. "Twende sasa hivi. Kesho hatungoji."