Maneno Mekundu Kwenye Laptopu ya Mzee Pindo

Mzee Pindo hakuwa na duka la vioo. Hakuwa na kibao mlangoni, wala simu ya maana, wala mtoto wa kumtuma, maana wote walikuwa wameshaota mabawa. Macho yake hayakuwa yale ya zamani. Zaidi ya yote, hakuwa na cheti cha ufundi.

Alichokuwa nacho ni mikono. Alishona magauni ya harusi na sare za wauguzi. Watu walimwita Pindo kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka.

Sasa chuo cha ufundi kilitaka mwalimu wa kushona. Mkuu wa chuo alimwambia waziwazi, "Mzee, kazi yako tunaijua. Pata cheti tu, nafasi ni yako."

Cheti kilikuwa na mtihani. Mtihani ulikuwa na kujiandikisha. Na kujiandikisha kulifanywa kwa kompyuta, mwisho Ijumaa.

Jumatano asubuhi Mzee Pindo aliisogeza cherehani pembeni, akafungua laptopu aliyoachiwa na binti yake. Alijaza jina, anwani na mwaka wa kuzaliwa, kwa kidole kimoja. Kisha akabonyeza "Tuma". Maneno mekundu yakatokea juu, yakatoweka, na ukurasa ukarudi mwanzo, mtupu.

Akajaza tena. Mambo yakawa yale yale.

Akampigia simu karani wa ofisi ya mitihani.

"Mzee, huku sioni tatizo," karani alisema kwa upole. "Hayo maneno yanasemaje?"

"Hayakai, mwanangu. Nikivaa miwani, yameshakimbia."

"Basi nitumie picha yake, nione mwenyewe."

Mzee Pindo akachukua simu yake, akaipiga picha laptopu. Mkewe akaitazama.

"Naona dirisha," mkewe alisema. "Naona na upara unang'aa. Maneno yako wapi?"

"Ngoja. Fundi hakosi njia."

Alichukua karatasi laini ya kunakilia vipande vya nguo. Akaibandika kwenye kioo cha laptopu kwa utepe wa gundi, akashika penseli. Aliponakili herufi ya pili, maneno yalikuwa yameshaondoka.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu, unaikatia gauni?"

"Cheka tu. Ijumaa ikipita, tutacheka wote kwa njaa ya mwakani."

Wakati huo jirani yao aliingia kuchukua sketi yake. Alikuwa mchora ramani za nyumba, na kazi zake zote alizifanya kwa kompyuta. Aliiona ile karatasi, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Shikamoo, baba. Laptopu inaumwa?"

"Marahaba, binti. Mimi ndiye ninayeumwa." Akamweleza yote.

Jirani akavuta kigoda. "Baba, picha ya skrini haipigwi kutoka nje. Laptopu inajipiga yenyewe, kutoka ndani. Haina mng'ao."

"Wala upara?" mkewe aliuliza.

"Wala upara, mama. Na kwa kuwa maneno yanakimbia, tuanze na video. Tutarekodi kila kinachotokea kwenye skrini, kisha tutaisimamisha pale tunapotaka. Lakini kwanza tufunge yasiyohusika. Huu ujumbe uliofunguliwa hapa ni wa nani?"

"Wa dada yangu!" mke alishtuka. "Mambo ya nyumbani hayo!"

"Basi tuufunge. Tukirekodi, karani ataona kila tunachokiona sisi. Na nywila yako, baba, iweke kabla hatujaanza. Usirekodi nywila hata siku moja."

Mzee Pindo akaingia kwenye ukurasa. Jirani akasema, "Sasa shika pamoja kitufe chenye alama ya dirisha, kitufe cha Alt, na herufi R."

"Vidole vitatu kwa mpigo? Hii sasa ni zumari."

Alibonyeza. Kisanduku kidogo kikatokea pembeni, kikihesabu sekunde. Akajaza upya taratibu, akabonyeza "Tuma". Maneno mekundu yakaja, yakaenda. Akabonyeza vile vitufe vitatu tena, na kurekodi kukakoma.

"Video imejihifadhi kwenye folda ya Videos, ndani ya Captures," jirani alisema. "Laptopu nyingine hutofautiana kidogo, lakini hii yako ndivyo ilivyo."

Waliifungua, wakaisimamisha palepale. Mzee Pindo akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Umri hauruhusiwi."

Mkewe hakucheka safari hii.

"Basi," Mzee Pindo alisema. Akaanza kuikunja ile karatasi ya kunakilia. "Nimezeeka. Hata mashine imeona."

"Ngoja, baba. Masharti yao yanasemaje?"

Waliyafungua masharti, wakayasoma mstari kwa mstari. Palikuwa na neno moja tu juu ya umri: mtahiniwa asiwe chini ya miaka kumi na minane. Ukomo wa juu haukuwepo.

Mzee Pindo akakaa wima. "Hapa pia napataka picha."

"Kitufe cha dirisha pamoja na PrtSc. Skrini nzima itapigwa, iende kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots. Ukitaka kipande tu, shika dirisha, Shift na S, halafu ukizungushie mstari."

"Kama kukata kola."

"Kama kukata kola."

Alikata maneno mekundu, akakata na sharti la umri. Kingo zilinyooka. Akavituma vipande vyote viwili kwa karani kwa barua pepe, pamoja na video.

Alasiri simu ikalia.

"Mzee, nimeona," karani alisema. "Kosa ni letu. Orodha yetu ya miaka ya kuzaliwa ilikatwa juu mno, ikaiacha miaka ya wazee. Kumbe wazee wengine nao walikwama, ila walituambia tu 'imekataa', wakaenda zao. Tumesharekebisha. Jaribu sasa."

Alijaribu. Maneno yakatokea kwa kijani, yakatulia: "Umesajiliwa." Mzee Pindo hakungoja kuambiwa. Alishika dirisha na PrtSc, akaihifadhi picha yake.

Kilichobaki ni fomu moja ya karatasi, iliyotakiwa kutiwa sahihi na kufika kwa posta. Jirani aliichapisha. Mzee Pindo aliijaza mezani kwa kalamu ya wino. Alipofika penye mwaka wa kuzaliwa, aliuandika kwa tarakimu kubwa, mpaka zikagusa mistari ya juu na chini.

"Wataona hata wasio na miwani," mkewe alisema.

"Ndivyo ninavyotaka."

Akaikunja fomu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuikandamiza kwa dole gumba. Kisha akatembea mwenyewe hadi posta, akaitumbukiza sandukuni.