Hema la Madirisha Mawili

Mwisho wa mwezi, katika soko la vitambaa, mtu hatembei; anasukumwa. Binti mmoja, mshona mabegi, alisukumwa mpaka mbele ya meza ya muuza turubai, akanyoosha mkono kushika jora la mwisho la rangi ya majani makavu, akakuta mkono mwingine umeshaling'ang'ania upande wa pili.

"Samahani kaka, hili nimelishika mimi."

"Dada, mkono wangu ulitangulia. Wako ulichelewa kwa uzito wa bangili."

Muuza turubai akaangua kicheko. "Jora hili limelala hapa mpaka panya wamelizoea. Rangi ya nyasi zilizokufa! Leo linagombewa kama bibi harusi?"

Binti alimtazama mwenye mkono. Mrefu, tena mrefu wa kuudhi, shati limejaa mifuko, na buti zina tope bichi wakati mji mzima ulikuwa vumbi tupu. Yeye mwenyewe alikuwa na gauni la samawati na futi ya kupimia shingoni, maana alisahau kuivua alipotoka kwenye cherehani.

"Unalitakia nini?" akauliza.

"La kujifichia."

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Namvizia. Ndege."

Binti akaliachia jora. Tangu baba yake afariki hakuwahi kusikia mtu akilitamka neno hilo kwa namna ile, kama anayemtaja jamaa yake. "Mimi pia," akasema.

"Acha utani!"

"Nashona hema la kuvizia. La zamani limeoza."

Yule bwana akamweleza kuwa yeye ni mpiga picha: Jumamosi maharusi, siku nyingine ndege, mwari, nyange, chochote chenye mabawa. Kisha akakohoa. "Basi shona hema moja, tukae wawili."

"Ee! Jina langu hujaniuliza, umeshaingia hemani?"

Muuza turubai alikata kitambaa huku mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Hema lilishonwa. Lilikuwa na madirisha mawili ya kutolea kamera, moja la chini kwa kimo chake binti, moja la juu kwa kimo cha yule bwana, ambaye siku hizo alikwishapewa jina la Ngazi. Shangazi, aliyekaa na binti nyumba moja na kumsaidia kukata vitambaa, alilitandaza sakafuni akalikagua.

"Mwanangu, hili dirisha la juu ni la twiga?"

"Ni la Ngazi, shangazi."

"Haya. Ngazi nzuri, lakini mtu huiangalia miguu kabla hajaipanda."

Binti alicheka. Mwenye kupendwa hana masikio, ana mashavu tu ya kuchekea.

Na simu zikawa hazikatiki. Mchana cherehani ikinguruma, simu ingelia, naye angeibana kwa bega.

"Fundi wangu."

"Ngazi yangu. Kitendawili!"

"Tega."

"Ana jicho moja, na hakumbuki kitu mpaka akonyeze."

"Kamera! Rahisi mno, mpenzi. Sasa zamu yangu. Kitendawili!"

"Tega."

"Nilizama naye ziwani, tukatoka wote, yeye hakulowa."

Binti aliwaza mpaka sindano ikapita nje ya mstari. "Samaki? Bata? Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Ndiyo kanuni ya mchezo: ukishindwa unatoa mji, aliyetega anautwaa, anatamba nao, kisha anakupa jibu. Watu hutoa miji mikubwa wasiyowahi kuiona.

"Nakupa ziwa langu," binti akasema.

"Ziwa gani?"

"Utaliona."

Jibu lilikuwa kivuli. Alipoambiwa hakulisikia vizuri; alikuwa akifumua ule mshono uliotoka nje ya mstari.

Ziwa lenyewe lilikuwa nyuma ya kilima cha tatu kutoka mjini, dogo, limezungukwa na matete, halina njia isipokuwa ile ya mbuzi. Baba yake, fundi redio, alimpeleka kwa baiskeli tangu akiwa mtoto wa kubebwa mbele. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimwambia: "Usimwonyeshe mtu ambaye huwezi kumwachia mtoto wako mchanga." Huko waliishi korongo wawili wenye taji, mume na mke, wenye kucheza kwa kurukaruka kama watu waliolipiwa ngoma. Misimu miwili walikuwa wamejenga kiota bila kutaga.

Asubuhi ile wapenzi waliingia hemani wakabanana, kila mmoja kwenye dirisha lake. Jua lilipopanda, jike aliinuka kwenye kiota, na kati ya matete yakaonekana mayai mawili, meupe yenye dalili ya samawati.

"Fundi," Ngazi alinong'ona, "unalia?"

"Jasho."

"Jasho la macho?"

"Nyamaza, utawashtua."

Alimbusu utosini, polepole, hema lisitikisike. "Lakini matete yamemziba mama," akalalamika. "Naona shingo tu. Kiwiliwili chote kimefichika."

"Ndiyo kazi yake. Ule ni mlango wao."

Wiki iliyofuata binti alibanwa na mabegi ya shule. Ngazi akaenda peke yake, akaazima na mkasi, akisema dirisha lake lina nyuzi zinazoingia kwenye picha. Fundi wa kushona haazimishi mkasi wa nguo, hata karatasi haukatishwi. Alimpa. Siku ya pili simu ikalia, na sauti ya Ngazi ilikuwa imekatika kwa kilio.

"Fundi, kaa chini."

"Nimekaa. Nini?"

"Kunguru. Wamekula mayai yote mawili."

Alilia juu ya turubai, na Ngazi akaja akamshika, akalia naye, machozi ya kweli kabisa. Mkasi ulirudi una utomvu wa kijani na makali yamekufa. Binti aliuosha, akaupeleka kunolewa, hakuuliza. Wafiwa hawaulizani habari za mkasi.

Miezi ikapita. Picha ya Ngazi ikashinda mashindano, ikatundikwa kwenye maonyesho katika jumba la mikutano katikati ya mji. "Ni mshangao wako," alisema kwenye simu. "Vaa lile gauni la samawati. Nitakuwa nimesimama pembeni yake, nataka niuone uso wako."

Akavaa. Ukumbi ulinukia rangi mpya na manukato, viatu vikigonga sakafu. Ngazi alikuwa ndani ya suti nyeusi, amempendeza kila mtu. Akamshika mkono, akampeleka mbele ya ukuta.

Alikuwa yule jike. Mzima, kuanzia taji la dhahabu mpaka kucha, na chini yake mayai mawili yaking'aa juani. Watu walikuwa wakisema, "Lo, uzuri gani huu!"

Binti alizitazama kucha. Miaka yote ile hakuwahi kuziona kucha za yule ndege akiwa kiotani. Jua halikuwahi kufika pale. Akasogea. Pembeni ya picha, chini, kulikuwa na visiki vya matete, vyeupe, vimekatwa mshazari, safi. Mkato huo aliujua kama anavyoujua mkono wake.

"Ulikata," akasema.

"Mpenzi, tuzungumze baadaye."

"Kwa mkasi wangu."

"Machache tu! Nilidhani yataota tena. Nilikaa asubuhi nzima, mwanga ulikuwa unapita..."

"Na kunguru wakaona mlango uko wazi."

"Kunguru kweli walikuja, sikukudanganya!"

Hapo ndipo palipomuuma. Kweli hakudanganya hata neno moja. Habari aliikata kama alivyoyakata matete, akamwachia kile kinachopendeza macho.

"Ulilia na mimi," binti akasema. "Nilikufuta machozi kwa kanga yangu."

"Nililia kweli."

"Najua. Hilo ndilo baya."

Akatoka, gauni la samawati likipita katikati ya watu wenye glasi mikononi, na nyuma yake watu wakaendelea kusifu.

Simu ililia siku hiyo, ikalia kesho yake, ikalia hata shangazi akaifunika kwa mto. "Inasumbua cherehani," akasema. Ya mpwa wake hakuyauliza. Alimpikia uji, akamkatia vitambaa vyake vyote na vya kesho.

Kisha Ngazi akaja mwenyewe karakana, hajanyoa, ana kiboksi kidogo chekundu mkononi. Shangazi alisimama mlangoni.

"Ngazi, leo hatuna ukuta wa kupanda."

"Shangazi, nakuomba. Maneno mawili."

"Mwache," binti akasema kutoka ndani.

Akaingia, akainama asigonge kizingiti. "Picha nimeitoa ukutani. Zawadi nimerudisha, na nimewaeleza sababu. Fundi, nataka kukuoa. Nilitaka hata kabla ya picha."

Binti aliondoa mguu kwenye cherehani. Alimtazama mtu huyu, buti zake, mikono yake iliyojua kumshika, na bado alimpenda. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

"Kitendawili," akasema.

Uso wa Ngazi ukachangamka. "Tega!"

"Nilimwonyesha mgeni nyumba ya watu, achungulie. Akauona uzuri wa ndani, akaondoka na mlango."

Midomo ya Ngazi ikatikisika. Binti aliliona jibu likimfika mpaka kwenye meno. Angeweza kulitamka. Akalimeza.

"Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

"Nakupa ziwa lako. Ziwa, kilima, na njia ya mbuzi. Sitakanyaga tena."

"Nimelipokea."

"Na hiki?" Akanyoosha kiboksi.

"Hicho kirudi na wewe. Mtoto mchanga siwezi kukuachia."

Ngazi hakuelewa maneno hayo yalikotoka, lakini alielewa yalipokwenda. Akakiweka mfukoni, mfuko mmoja kati ya ile mingi. Shangazi akampisha njia. "Inama," akamwambia kwa upole, maana kizingiti kilikuwa kifupi.

Msimu mpya ulipofika, matete yalikuwa yameota, marefu kuliko mwanzo. Binti alilisimamisha hema, akaketi kwenye dirisha la chini. Korongo walikuwapo, wote wawili, wanazunguka pale pale wasithubutu kushuka. Upepo ukawa unapigapiga dirisha la juu, turubai linapepea, nao kila likipepea wananyanyua shingo.

Akatoa sindano. Angeweza kulishona dirisha lile kwa mshono wa kudumu, ule usiofumuka mpaka kitambaa kichanike. Akasimama kwa ncha za vidole, akalifunga kwa bandi, ule mshono wa muda ambao ukivuta uzi mmoja unaachia wote. Hema likatulia. Nje, jike akakunja mabawa, akashuka ndani ya matete, akapotea machoni.

Uzi aliuacha mrefu mwishoni, bila fundo.