Mkwe wa Nje ya Kioo

Siku ya tatu ya safari, siku ambayo meli haikuwa na bandari yoyote ya kusimama, mama mkwe wake alimwambia asante.

Mama Kidoti alikuwa amempelekea chai kitandani. Alibaki amesimama na sahani mkononi, akidhani masikio yamemchezea. Kwa miaka saba ya ndoa, chai yake ilikuwa imeitwa maji ya kuoshea masufuria, dawa ya minyoo, na siku moja mbele ya wageni, mkojo wa mbuzi. Asante hakuwahi kuisikia.

"Asante, mwanangu," mama mkwe akarudia, huku akitabasamu. "Umelala vizuri?"

"Nimelala, Mama. Na wewe?"

"Mimi sijalala muda mrefu hivi," akasema, akaimaliza chai yote kwa mkupuo mmoja, ingawa ilikuwa inatoa moshi.

Mama mkwe huyo alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na sauti yake ilizoea kupenya kelele za masufuria makubwa na wanafunzi mia nne wenye njaa. Alipostaafu, mwanawe, mwalimu wa hesabu, na mkewe, muuguzi, waliamua kumpumzisha baharini, pamoja na binti yao wa miaka sita ambaye kila mtu alimwita Kidoti kwa sababu ya alama shavuni. Walipewa vyumba viwili vinavyotazamana katika ghorofa ya tatu, chini kabisa kwa abiria, mahali ambapo mawimbi yaliweza kuosha dirisha la duara kama mtu anayefuta meza. Siku mbili za kwanza Bibi, kama mtoto alivyomwita, alilaumu kitanda, akalaumu nyama, akalaumu taulo zilizokunjwa umbo la tembo ("Taulo ni ya kujifutia, si ya kuchezea"), akamlaumu hata nahodha, kwamba anaendesha kama mtu aliyebanwa na haja.

Sasa alikuwa mpole kama maziwa.

Saa mbili walipanda kwenda kula. Juu, karibu na bwawa la kuogelea, jua lilikuwa limeshawaka na muziki ulikuwa ukipigwa. Bahari ilikuwa tambarare pande zote, bila kisiwa wala ndege. Bibi hakugusa chakula. Alikunywa maji, glasi baada ya glasi, mpaka mhudumu akamwachia jagi zima.

"Umeona Mama alivyobadilika?" mwalimu akamnong'oneza mkewe, uso umemchanua. "Hewa ya bahari hiyo. Tungemleta zamani."

"Ameniita mwanangu."

"Si ndicho ulichokuwa unakililia? Pokea, basi."

Bibi akanyoosha mikono. "Kidoti, njoo nikupakate."

Mtoto akajificha nyuma ya kiti cha mama yake. "Sitaki. Bibi ananuka."

"We! Adabu yako," baba yake akamkaripia.

Lakini Mama Kidoti alikuwa ameshaisikia ile harufu. Aliijua kutoka wodini: maji ya chombo cha maua ambayo ndugu wa mgonjwa wamesahau kuyabadilisha kwa wiki mbili, mashina yameoza, utando wa kijani umeshika juu. Ilikuwa ikitoka mdomoni mwa mama mkwe kila alipotabasamu.

Bibi akaushika mkono wake juu ya meza. Mkono wake ulikuwa baridi na mzito, na Mama Kidoti, kwa mazoea ya kazi tu, akasogeza vidole viwili mpaka kwenye kifundo na kutafuta mapigo. Hakuyapata. Akasogeza vidole kidogo, akabonyeza, akasubiri. Akainuka kama anayemrekebishia kitambaa cha kichwa, akagusa shingo chini ya taya, pale ambapo hata kwa mgonjwa aliyekwisha kabisa huwa unapata kitu. Palikuwa kimya kama ukuta.

"Unatafuta nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza taratibu, bila kupepesa jicho.

"Hamna kitu, Mama. Kitambaa kilikuwa kimelegea."

Alimvuta mumewe pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini. Mwalimu akacheka, kisha akakasirika kidogo. "Mtu ametembea kwa miguu yake kutoka chini mpaka huku juu, wewe unaniambia hana mapigo? Vidole vyako vimeganda kwa kiyoyozi cha chumbani. Miaka saba mnagombana, leo mnapatana, unatafuta sababu nyingine." Akamchukua mtoto kumpeleka kwenye maji ya watoto.

Kidoti akamng'ang'ania mama yake kwanza, akamvuta sikio mpaka mdomoni.

"Mama, yule Bibi mwingine bado anagonga."

"Bibi gani mwingine?"

"Wa dirishani. Nilipoenda kumwamsha. Yuko nje, anagonga kioo. Nilidhani anacheza."

Mama Kidoti alimtazama mumewe akiondoka na mtoto begani, akamtazama mama mkwe aliyekaa peke yake mezani akinywa maji moja kwa moja kutoka kwenye jagi, kisha akaenda kwenye lifti.

Korido ya ghorofa ya tatu ilikuwa tupu. Katikati yake kulikuwa na toroli la usafi, na mhudumu wa vyumba, mwanamke mnene mwenye sare ya bluu, alikuwa ameinama akipanga mashuka. Alimwitikia salamu bila kuinua kichwa. Zulia lilikuwa limelowa kutoka kwenye lifti mpaka mlango wa Bibi, nyayo za miguu mitupu, moja moja, na kadiri Mama Kidoti alivyozifuata ndivyo alivyoona kwamba zote zilikuwa zikitoka ndani ya chumba na hakuna hata moja iliyokuwa ikiingia. Alifungua mlango kwa kadi. Pazia lilikuwa limefungwa, chumba kilikuwa na giza la kijani, na harufu ile ya maua yaliyooza ilikuwa nzito kiasi cha kumfanya azibe pua kwa kiganja. Halafu akasikia. Ngo, ngo, ngo. Halafu kimya. Halafu ngo, ngo, ngo, si kwa nguvu, kama mtu aliyegonga tangu alfajiri na ambaye ngumi zake sasa zimechoka.

Akavuta pazia.

Nje ya kioo kulikuwa na maji ya kijani yakipanda na kushuka, na ndani ya maji yale, akiwa ameng'ang'ania ukingo wa dirisha kwa kucha zilizochanika, alikuwa mama mkwe wake, nywele za mvi zimemfumka kichwani zikielea, gauni la kulalia limejaa maji kama tanga, macho yamemtoka, na mdomo ukifunguka na kufumba kwa neno moja tu ambalo Mama Kidoti hakuhitaji kulisikia, maana alikuwa ameusoma mdomo ule ukilisema kila siku kwa miaka saba: Wewe! Wewe! Wewe!

"Funga pazia, mwanangu," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini. Mlango haukuwa umefunguka. Maji yalikuwa yakimchuruzika kutoka kwenye pindo la nguo na kuzama kwenye zulia.

"Wewe ni nani?" Mama Kidoti akanong'ona.

"Mimi ndiye uliyeniomba. Jana ulisimama pale juu kwenye vyuma vya ukingo wa meli, ukayatazama maji, ukasema moyoni, laiti ningekuwa na mkwe mwingine. Nami nilikuwa chini hapo, nikasikia." Kile kitu kikatabasamu. "Sitakutukana. Nitakulelea mtoto, nitasifu mapishi yako, mumeo atafurahi mpaka kufa kwake. Yule wa nje amechoka, ataachia mwenyewe. Hutamsukuma. Sema tu, baki. Neno moja."

Mama Kidoti akageuka dirishani. Na hapo, akiwa anautazama uso ule unaozama, kitu alichokuwa amekifukia kikaibuka: wodi aliyofanyia kazi yeye mwenyewe, amelala kwenye kitanda ambacho jana yake alikuwa amekitandika kwa ajili ya mgonjwa mwingine, mimba ya pili imetoka, wenzake wamemzunguka wakilia naye, na mama huyu huyu anaingia na kapu lake, anaweka kapu chini, na kusema kwa ile sauti ya jikoni iliyosikika mpaka mwisho wa korido, "Hata kubeba hajui." Aliwakumbuka wauguzi wenzake wakiangalia sakafu. Alikumbuka kwamba mumewe alikuwepo na hakusema kitu. Akaendelea kukumbuka, huku mkono mmoja nje ya kioo ukiachia, huku vidole vya mkono wa pili vikianza kuteleza kimoja kimoja, na mdomo wake mwenyewe ukafunguka, na hakuwa na hakika neno litakalotoka.

"Dada, usimjibu!"

Mhudumu wa vyumba alikuwa mlangoni, shuka limemdondoka mikononi. Hakumwangalia yule aliyeketi kitandani. Alipita pembeni kwa pembeni, akamshika Mama Kidoti mabega kwa mikono mikubwa inayonuka sabuni.

"Wa nje ni nani kwako?"

"Mama mkwe."

"Basi mwite. Unavyomwita siku zote. Kwa sauti, si kwa moyo. Mimi si mganga. Mama yangu ndiye alikuwa, na ubani siwezi kuchoma humu, kengele ya moto italia meli nzima. Nitasoma dua zake ninazozikumbuka. Lakini wa kukikataa ni wewe uliyekiita."

Akaanza kusoma, maneno yakikimbizana, mengine akiyarudia alipoyakosea. Kile kitu kikainuka. Uso wake ulikuwa bado wa Bibi lakini tabasamu lilikuwa limepanuka kuzidi mashavu, na maji yakaanza kutiririka kutoka masikioni, kutoka machoni, kutoka chini ya kucha.

"Mwanangu," kikabembeleza. "Mwanangu, mwanangu, atakuja kukutukana tena kesho."

"Mwite!" mhudumu akafoka.

"Mama!" Mama Kidoti akapiga kelele. "Mama! Namtaka yule! Sikutaki wewe, namtaka yule! Mama!"

Taa ikazimika. Kitu kizito na baridi kikapita katikati yao kuelekea dirishani, kikamgusa shavu kama samaki aliyekufa, na kioo kikalia kama kinachopasuka. Taa iliporudi kitanda kilikuwa kitupu, zulia lote limelowa chapachapa, na bafuni mtu alikuwa akikohoa.

Bibi alikuwa sakafuni chini ya bomba la kuogea, bluu midomoni. Mama Kidoti akamlaza ubavu, akampiga mgongo, akamsafisha mdomo kwa vidole, akafanya yote aliyofundishwa, analia huku anafanya, mpaka maji yakatoka, mengi, pamoja na majani ya mwani. Ndipo akaweka vidole viwili shingoni. Mapigo yalikuwepo, dhaifu, ya haraka, matamu.

Daktari wa meli alisema ameteleza bafuni. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba maji ya bafuni hayana chumvi. Mwalimu alipiga hesabu zake hapo kando ya kitanda cha zahanati, za mama aliyemwacha mezani juu na mama aliyekutwa chini, na hakupata jibu, akaacha kuuliza. Mhudumu wa vyumba aliomba apangiwe ghorofa nyingine siku hiyo hiyo.

Kwa siku mbili Bibi alilazwa zahanati. Asubuhi ya kushuka, mwanawe alipokwenda kushughulikia mizigo, aligeuza kichwa kwenye mto.

"Nilikuona," akasema kwa sauti iliyokwaruzika. "Kupitia kioo. Ulisimama ukafikiria."

Mama Kidoti alitaka kukana. Akashindwa. "Nilifikiria, Mama. Nisamehe."

"Unadhani sijui ulichokuwa unafikiria? Mimi ndiye niliyekisema." Mama mzee akafumba macho. "Nimekusamehe. Nisamehe na wewe. Lakini si hilo linalonitisha. Tulipopishana pale kwenye kioo, mimi nikiingia, yeye akitoka, aliniwekea mdomo sikioni. Alikuwa anacheka."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Umeona? Alinitaka. Siku akinitaka tena, hata akiwa mbali na maji, nitasikia.'"

Walirudi nyumbani. Tangu siku hiyo Bibi haonji kitu bila kusifu, na Mama Kidoti hajibu neno lolote ila kwa upole. Majirani husema hawajaona mkwe na mkaza mwana wanaopendana namna ile, na mwalimu huwaambia watu kwamba ni ile safari. Lakini Bibi ni Bibi. Kuna siku mchuzi unazidi chumvi, na ulimi wa miaka thelathini ya jikoni unamtoka kabla hajauzuia, "Wewe, hiki ni chakula au adhabu?" Hapo wote wawili hunyamaza ghafla, kijiko kikiwa hewani. Mama Kidoti huhisi hasira ikimpanda kifuani, ndogo, ya kawaida, kama ya mkaza mwana mwingine yeyote, naye huuma ulimi mpaka aonje damu, akijitahidi kutotamani chochote, huku mama mkwe akimtazama usoni kwa hofu na wote wawili wakitega sikio, chumba hadi chumba, kusikiliza kama kuna mahali maji yameanza kudondoka.