Nilimsingizia Wifi Yangu Utupa

Nina miaka thelathini na minane, ni mama wa watoto wanne, naishi Makere, wilaya ya Kasulu. Kila anayepita njia ya bondeni hunisifia bwawa langu la perege. Natabasamu, namkaribisha... na moyoni natamani ardhi ipasuke inimeze.

Bwawa hilo tulilichimba wawili, mimi na wifi yangu Yustina, dada wa mume wangu. Alirudi kutoka Buhigwe baada ya kufiwa na mumewe, mashemeji zake wakamtoa shambani mikono mitupu. Mume wangu, Baba Neema, alimwambia wazi kwamba tukivuna vizuri atamkatia kipande ajenge. Tukikosa, yeye hatakuwa na la kuwaambia wadogo zake, ambao nao wanaitaka ardhi hiyo. Kwangu mimi bwawa lilikuwa mboga na sare za shule. Kwa Yustina lilikuwa mahali pa kuishi.

Tulichimba kiangazi kizima kwa jembe na karai. Asubuhi Yustina ndiye aliyewahi, anawarushia perege pumba za mahindi na majani ya magimbi. Aliwapa majina ya wale mashemeji wa Buhigwe. "Kuleni mnenepe," anawaambia, "siku yenu inakuja." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Mihogo yetu mingi huku ni michungu. Tunaimenya na kuiloweka siku tatu nne mpaka ivunde, ndipo tunaianika tupate unga wa ugali. Maji yake ni sumu, kila Muha anajua, kwa hiyo tunaloweka chini kabisa, mtoni. Lakini wiki ile mgongo uliniuma, nikaona uvivu kuteremka. Nikachimba shimo kando ya mfereji unaoingiza maji bwawani, nikajaza mihogo, nikafunika kwa majani ya migomba. Nikajiambia tuta lililo kati ya shimo na mfereji litazuia maji yake yasipite. Yustina sikumwambia, maana angenikatalia.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu nikamsikia Yustina analia bondeni. Perege walikuwa wanaelea, matumbo juu... wachache bado wanahema. Ilibaki wiki moja tu tuvue! Na mimi, kabla sijafika ukingoni, pua yangu ilishapata harufu ya mihogo iliyovunda. Nilijua.

Majirani wakajaa. Baba Neema akauliza nani amefanya hivi. Wasomaji wenzangu, hakuna aliyenitazama mimi. Si ningenyamaza tu? Lakini niliogopa, macho yangu yakaangukia kwenye kijishamba tulichomwazima Yustina, alikopanda utupa kuzuia fuko wasimalize viazi vyake.

"Mbona utupa ule umevunjwa matawi?" nikasema.

Basi, hayo tu. Huku hata mtoto anajua kwamba majani ya utupa yakipondwa majini hulevya samaki. Watu wakamaliza wenyewe: alitaka kuvua kwa siri akauze Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, dawa ikamzidi. Yustina alijitetea kwamba alikata matawi ili akaushe mbegu zake. Nani angemsikiliza? Akanigeukia. "Wifi, wewe si unanijua? Waambie."

Nikatazama chini.

Baba Neema alizitupa nguo za Yustina nje mbele ya watu wote. Nasikia yuko Kibondo, anafanya vibarua vya maharage, analala kwenye banda la mahindi la tajiri wake.

Mimi nilifukia lile shimo peke yangu, tukapandikiza vifaranga wengine. Wakakua. Sasa vikundi vinakuja kujifunza kwangu, na kila kikundi huuliza wale wa kwanza walikufaje. Mume wangu yupo pembeni, majirani wapo. Nasema ni utupa. Nimesema mara ngapi mpaka sasa? Ulimi umezoea, ila usingizi haujazoea.

Mwezi uliopita nikashindwa. Nilimpigia magoti Baba Neema, nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza, na kwa kweli ningeshukuru. Alifunga fundo la wavu aliokuwa akishona.

"Mama Neema," akasema, "niliyemtupia dada yangu nguo ni mimi. Leo nikasimame mbele ya nani niseme nilikosea? Umeniambia mimi, liishie hapa hapa."

Tangu siku hiyo haniachi niende hata Kasulu mjini peke yangu. Kibondo ndiyo hataki kuisikia kabisa. Nilifikiri nikisema nitafunguka... kumbe nimempa ufunguo mtu mwingine.

Wanawake wenzangu mnaofuga samaki, nawaomba, msiloweke mihogo jirani na maji ya bwawa, hata mgongo ukiuma vipi. Na ukikosea, sema pale pale, kabla jina la mwenzio halijatoka mdomoni mwako. Likishatoka, hata ukilia hulirudishi. Perege nilipata wengine. Wifi sikupata.

Yustina hajui kusoma. Kwa hiyo wewe uliyeko Kibondo, ukikutana na kibarua mmoja mrefu, mcheshi, mwenyeji wa Makere, naomba umsomee haya. Mwambie utupa wake haukuwa na kosa. Mwambie ilikuwa mihogo yangu, na kwamba nilijua tangu asubuhi ile.